Jina la Mkwe Halitajwi Dirishani

Kawetele, Rungwe. Alhamisi, 18 Juni 2009.

Ukungu umekaa juu ya migomba tangu asubuhi, na sasa jioni naona umeamua kulala hapohapo. Huu ni mwaka wa arobaini na mbili tangu niondoke nyumbani hapa na sanduku la bati, nikienda kusoma prufu katika kiwanda cha uchapaji Dar es Salaam. Kiwanda kilikuja kubinafsishwa, mimi nikapunguzwa kazini, nikahamia Tanga alikozaliwa marehemu mke wangu. Miaka yote hii nimekuwa nikija huku kuzika. Safari hii nimekuja kwa ajili ya mtu aliye hai.

Nina hasira. Naandika kabla haijapoa, kwa maana hasira ikishapoa huanza kujiita busara.

Mama yangu amepita miaka themanini. Ni mjane, na bado anachuma chai yake kwa mikono yake. Kiwanda cha chai kilipopata mwenyewe mpya, malipo ya majani yakaanza kupitia benki tu. Benki nayo ikapata mwenyewe mpya. Zamani ilikuwa ya serikali, ina vumbi na inakwenda polepole, lakini karani alimjua kila mtu na shamba lake. Sasa ina rangi mpya, viti vya kuzunguka, na bango la familia inayocheka bila sababu. Mlangoni wamebandika tangazo: kila mteja afike mwenyewe kuhakikiwa, asiyefika akaunti yake itafungwa.

Mama alinipigia kwa simu ya jirani. Alisema, "Njoo. Wanataka kunifunga."

Nikapanda basi.

Akaunti ile alimfungulia baba, enzi za uhai wake. Alisimama naye dirishani, akataja majina ya mkewe yote matatu, mama akabonyeza dole gumba, wakaenda zao. Jina la kwanza ni lake, Subilaga. La pili ni la baba. La tatu ni la ukoo, yaani jina la babu yangu, baba mkwe wa mama.

Hapo ndipo penye mambo.

Kwetu mwanamke aliyeolewa hatamki jina la baba mkwe wake. Hatamki akiwa bibi harusi, hatamki akiwa kikongwe, hatamki hata mkwe akiwa kaburini. Hata neno linalofanana na jina hilo huliruka. Jina la babu limebeba ndani yake neno la Kinyakyusa la mvua, na mama, aliyeishi maisha yake yote katika nchi ambayo mvua haibishi hodi, hajawahi kulitamka neno hilo mbele yangu. Kwa Kinyakyusa husema "cha juu kinakuja". Utotoni niliamini kwamba ndilo jina lenyewe. Nikaenda nalo shuleni, wenzangu wakanicheka mpaka nikalia. Kwa Kiswahili husema mvua bila wasiwasi. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu kwamba Kiswahili hakina mkwe.

Mimi naruhusiwa kulitaja. Ni jina langu, nimelisaini maisha yangu yote. Lakini mama atasomewa maandishi haya, kwa hiyo sitaliandika.

Jumatatu tulisimama kwenye foleni tangu benki ilipofunguliwa. Binti wa dirishani alikuwa mpole, mgeni wa huku, mwenye lafudhi ya Kanda ya Ziwa. Alitazama kadi ya mpiga kura, akatazama uso wa mama, akauliza:

"Bibi, nitajie majina yako matatu."

"Subilaga," mama akasema. Akataja la baba.

"Na la tatu?"

"Si umeliona hapo?"

"Nimeliona, bibi, lakini unatakiwa ulitaje wewe mwenyewe."

Nikafungua mdomo. Binti akaninyooshea kiganja. "Mzee, tafadhali, usimjibie." Akaeleza, kwa adabu kabisa, kwamba kuna watoto wanaochukua fedha za mama zao kwa kuleta benki bibi wa kuazima.

Kiswahili cha mama kina kokoto za Kinyakyusa lakini kinafika kinakokwenda. "Mimi wa kuazima?" akauliza. "Nani aazime mtu mwenye meno matatu? Si angetafuta mwenye meno?"

Foleni ikacheka. Mama mmoja nyuma yetu, mwenye mtoto mgongoni, akasogea mbele kidogo. "Mwanangu, hilo ni jina la mkwe wake. Hawezi kulitamka."

"Mama, nakuelewa," binti akasema, "ila mfumo hauna sehemu ya mkwe."

"Basi huo mfumo ndio mkwe wenyewe!" mwanamume mmoja akapaza sauti kutoka mwisho wa foleni. "Hauonekani, hausemi, na sote tunauogopa!"

Hata binti alicheka, mkono mdomoni. Lakini kicheko hakifungui akaunti. Akamwita meneja.

Meneja alikuwa kijana wa hukuhuku, Mnyakyusa kama sisi. Nikapata matumaini. Alimwamkia mama kwa Kinyakyusa, akainama vizuri, kisha akanyooka na kugeukia Kiswahili cha ofisini.

"Mama, mila zetu tunaziheshimu, ila hapa kazini tuziache nje."

"Mkeo akifika kwa baba yako," mama akamuuliza, "anaziacha wapi?"

Kijana akatazama viatu vyake. Alipoinua uso hakumtazama mama tena, alinitazama mimi. Akasema njia rahisi ipo. Mimi nina pasi ya kusafiria na kitambulisho cha mstaafu, kila kitu kimekamilika. Tufungue akaunti kwa jina langu, malipo ya chai yaingie humo, mama asisumbuliwe tena na uhakiki. Familia nyingi, alisema, zimefanya hivyo na zimepumzika.

Alisema kwa nia njema, na ndiyo maana nilichukia zaidi.

"Majani anachuma yeye?" mama akauliza, akininyooshea kidole mbele za watu kama kitu kilicholetwa dukani kwa makosa.

Tukapewa hadi Ijumaa. Tulete barua ya mtendaji wa kijiji, tulete picha mpya, na mama ataje majina yake mwenyewe. Asipotaja, akaunti inafungwa, na kiwanda hakilipi majani kwa njia nyingine. Maana yake ni kwamba mwanamke ambaye hajawahi kumwomba mtu chumvi atakula kwa hisani ya wanawe.

Njiani nilifanya kosa. Nilimwambia, "Mama, babu amekufa zamani. Ungelitaja mara moja tu, kwa sauti ya chini, tukamaliza."

Alisimama katikati ya mashamba ya chai, pale njia inapokuwa nyembamba kiasi cha mtu mmoja. Nilidhani amechoka.

"Wewe hukumwona," akasema. "Mimi nililetwa hapa nikiwa msichana mdogo. Asubuhi nikitoka kisimani nikimsikia anakohoa, nageuza uso. Na yeye anatoka njiani. Mzee mzima, mwenye ng'ombe, mwenye watu wake, anaingia kwenye majani yenye umande mpaka magotini ili mimi nipite na mtungi wangu. Hakunisubirisha hata siku moja. Tangu afe, nani mwingine amenipisha? Baba yako hakunipisha. Ninyi wanangu hamkunipisha. Leo benki nimesimama mpaka miguu imevimba. Halafu jina lake nikalitupe pale dirishani?"

Akaendelea kutembea.

Nimesoma vitabu vingi vinavyosema miko ya namna hii ni kamba shingoni mwa mwanamke, na nina hakika kwa wengi imekuwa hivyo. Hakuna kitabu kilichonieleza kwamba upande wa pili wa kamba ileile alikuwepo mzee aliyelowa magoti.

Sikumwomba tena.

Jumanne tulikwenda Bulyaga, hapo mjini Tukuyu, kupiga picha. Fundi picha pale ni mtu wa makamo, babu yake alikuja Tukuyu na biashara ya nguo kutoka pwani, na familia haikuondoka tena. Alimkalisha mama mbele ya pazia la buluu, akamwambia asitabasamu, serikali haitaki. Mama akamjibu kwamba yeye na serikali hawajawahi kutabasamiana. Picha zilipotoka, fundi akachukua kalamu aandike nyuma zisije zikachanganyika na za wengine.

"Bi mkubwa, jina?"

"Subilaga."

"Subilaga binti nani?"

Niliona mgongo wa mama ukinyooka.

"Binti Kabeta," akasema. "Kabeta wa Masukulu."

Alilisema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti ya msichana anayeitikia wito wa baba yake kutoka ng'ambo ya bonde. Fundi akaandika. Mama akaendelea kumtazama.

"Kwenu mnaandika hivyo?"

"Ndivyo tulivyozoea."

"Na akiolewa?"

"Akiolewa ni binti huyohuyo, bi mkubwa. Mume anaoa mtu. Baba wa mtu habadilishwi."

Mama akacheka peke yake, mabega yakimtikisika. Kisha akanigeukia. Huku kwetu mama humwita mwanawe wa kiume Tata, yaani baba, na akimwita hivyo ujue kuna amri inakuja.

"Tata, twende kwa mtendaji."

Kaburi la mke wangu kule Tanga limeandikwa jina lake, kisha binti, kisha jina la baba yake. Nimelipalilia mwaka hadi mwaka bila kufikiri kwamba pale pameandikwa jibu la swali la mtu wa Kawetele.

Jana, Jumatano, tulizunguka. Mtendaji alituandikia barua baada ya kukuna kichwa sana. Akatuelekeza mahakama ya mwanzo, mama akaape kwamba mtu wa jina la zamani na mtu wa jina hili jipya ni mmoja, mjane wa marehemu baba yangu, mkulima wa chai. Hakimu alikuwa mwanamke. Alipolisoma kwa sauti lile jina la zamani, lote, mama aligeuza uso ukutani kama anavyogeuka kwenye njia ya kisimani, akangoja limalizike, kisha akasema, "Ndiye mimi." Hakimu alimtazama kidogo. Akagonga muhuri.

Huku habari haina miguu lakini hufika kabla yako. Tulipofika nyumbani baba mdogo alikuwa ameshakaa barazani, mdogo wake marehemu baba, na kofia yake ya kanisani kichwani siku ya Jumatano. Alikataa chai. Mzee wa kwetu akikataa chai, kuna shauri.

"Shemeji," akamwambia mama, "nasikia umejitoa ukoo."

"Nimejitoa kwenye kompyuta," mama akasema. "Ukoo ninao." Alikaa, akavuta ungo wa maharage, akaanza kuchambua.

"Watu watasema umerudi kwenu. Na mwanamke aliyerudi kwao hana shamba kwetu."

Hilo ndilo lililomleta. Mama hakuinua macho.

"Shemeji, chai ile ilipopandwa wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa Zambia, migodini."

"Basi waulize mashimo ya Zambia. Ya hapa nilichimba mimi."

Baba mdogo akamwacha, akanigeukia mimi, na sauti yake ikalainika. Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Mtu akinikaripia najua la kufanya. Yeye alinibembeleza.

"Mwanangu, dawa ya haya yote ni wewe. Rudi nyumbani. Wewe ndiye mkubwa, na umestaafu. Huko Tanga una nini, kaburi na joto? Rudi ukae nyumba ya baba yako. Akaunti iwe ya jina lako, shamba liwe la jina lako, mama yako apumzike kwenye kivuli chako. Nani atasema neno tena?"

Ukweli ni kwamba kurudi nimekuwaza kila mwaka. Nimeshapanga hata ukuta wa kuweka vitabu vyangu, ule usiopigwa na unyevu. Tanga, usiku wa joto, nimewahi kukaa macho nikitafuta kukumbuka baridi ya Juni inavyoingia kwa chini ya mlango. Na jana baridi yenyewe ilikuwa hapo miguuni pangu, moshi wa jikoni ulinukia kama ulivyonukia nilipokuwa mtoto, na mzee wa ukoo alikuwa akinipa kwa mikono miwili kitu ambacho sikuwahi kuthubutu kukiomba.

Mama alikuwa ameacha kuchambua. Hakunitazama. Vidole vyake tu vilikuwa vimesimama kwenye ungo.

Nikasema, "Baba, shamba lina mwenyewe. Na akaunti ina mwenyewe."

"Na nyumba?"

"Nayo ina mwenyewe. Huyo hapo."

Aliondoka akisema watu wa pwani wamenichemsha kwenye tui la nazi mpaka nimelainika. Mama alisubiri apite migomba, ndipo akasema kwamba angalau ningemwachia anywe chai kwanza. Vidole vikarudi kwenye maharage.

Leo asubuhi tulikuwa dirisha lilelile, kwa binti yuleyule. Alipokea barua, kiapo na picha. Akaandika kwa muda mrefu. Akamwita meneja, meneja akasoma kiapo mara mbili, akapiga simu Mbeya, akasikiliza, akajibu ndiyo, ndiyo. Alinieleza kwamba kuanzia sasa mama na mimi hatutafanana kwenye kumbukumbu zao, hakuna mahali patakapoonyesha kwamba ni mama na mwana. Aliniuliza kama nimelielewa hilo.

Nilimwambia kwamba mama anajua mimi ni mwanawe, yatosha.

Kisha binti akauliza:

"Bibi, nitajie majina yako matatu."

"Subilaga. Kabeta. Syungu." Syungu ni babu yake mzaa baba. Aliyataja moja moja, kwa sauti iliyofika mpaka kwa mlinzi wa mlangoni, ambaye aligeuka kutazama ni nani anayegombana. Na kwa kuwa alikuwa ameshaanza hakuona sababu ya kuacha, akaongeza baba wa Syungu na baba wa huyo naye, mpaka binti akamwambia yametosha.

"Mfumo umekubali, bibi."

"Umesema nini kingine?"

"Hakuna kingine."

"Hata salamu haukuleta." Akafunga kanga yake vizuri. "Ndaga fijo, mwanangu. Wewe nakushukuru. Huo mwingine, hapana."

Tulirudi kwa miguu. Alikataa pikipiki, alisema anataka watu wamwone. Mimi nilitangulia na kikapu chake, naye akawa nyuma, akisimama kusalimiana na kila mtu aliyekuwa barazani, na wote walikuwa wameshasikia. Mama mmoja alimpigia vigelegele. Mzee mmoja aligeuza kiti chake akampa mgongo. Mama alimwamkia huo mgongo kwa heshima zote, akapita.

Tulipofika kwenye chai, pale njia inapokuwa nyembamba, manyunyu yakaanza. Nikamsikia nyuma yangu akisema kwa Kinyakyusa kwamba cha juu kinakuja. Amebadilisha jina lake benki, kwenye barua ya mtendaji na kwa kiapo mahakamani, lakini neno lile bado hajalitamka. Hatalitamka. Halikuwa la benki tangu mwanzo.

Nikazisikia hatua zake zikikaribia. Mimi nilikuwa katikati ya njia, mtu mkubwa mwenye kikapu na koti la mvua la Tanga lisilozuia mvua.

Nikatoka njiani. Nikaingia kwenye majani, maji yakapenya suruali mpaka magotini, nikageuza uso upande wa bonde.

Alipita. Hakushukuru, wala hakupunguza mwendo. Alipita kama mtu anayepita njia yake.

Nilibaki pale nimelowa, nikafanya hesabu isiyo ya fedha. Nikirudi, sitarudi peke yangu. Nitarudi na ukubwa wangu, jina langu la tatu, kiti cha baba na vitabu vyangu. Mtendaji ataniuliza mimi. Meneja atanitazama mimi. Baba mdogo atakuja kunywa chai yangu na kujadili shamba langu. Nitakuwa mtu mwema, najijua, na nitakuwa nimesimama katikati ya njia ya mama yangu mpaka siku atakayokufa. Kivuli alichoniambia baba mdogo ni kitu kizuri Tanga. Tukuyu kivuli ni baridi tu.

Sasa hivi yuko jikoni, anamwimbia mtu asiyekuwepo. Suruali yangu inakauka juu ya moto na inanuka chai. Basi la Tanga kupitia Dar es Salaam ninalipanda Jumamosi.

Akiniita nitakuja. Kuishi hapa, sitarudi.